Mtoto Aliyeondoka Amelala

Juzi nilikaa kwenye ukumbi wa kata, hapa Newala, nikimsikiliza binti mmoja aliyetoka chuoni akitufundisha sisi wazee jinsi watu wazima wanavyopendana. Alisema wapo wanaong'ang'ania, wapo wanaokaa mbali hata wakiwa kitanda kimoja, na wapo waliotulia. Akasema mengi huanzia utotoni, kwa namna mtu alivyolelewa, na kwamba kabila, dini, idadi ya watoto nyumbani, na kama baba alikuwepo au hakuwepo, vyote vina mkono humo. Wenzangu walikuwa wanaitikia kwa vichwa huku wakisubiri soda. Mimi nilikunja uso. Nilitaka kumwuliza kama mkono huo unaondolewa, na unaondolewaje. Sikuuliza, kwa sababu alikuwa ametuita "wazee wangu wapendwa", na mtu akishaniita hivyo kwenye mkutano huwa nafunga mdomo.

Ningeuliza, ningelazimika kueleza, na maelezo yenyewe ni haya.

Kwetu Kitangari, katika nyumba za mama zangu, mtoto hakuagwa. Mtu mzima alisindikizwa mpaka njia panda na kupewa muhogo wa kutafuna njiani, lakini mtoto hakuagwa. Alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa bibi yake mzaa mama. Mama alifika naye, wakala, wakapiga soga, kisha mtoto alipolala au alipogeuka kumtazama kuku, mama alipita nyuma ya jiko akaondoka. Ilionekana ni huruma. Kwa nini umlize mtoto kwa kumwonyesha mgongo wako? Mimi nilipelekwa hivyo, na dada zangu vilevile, na siku yenyewe siikumbuki hata kidogo. Naambiwa sikusumbua.

Bibi aliyenilea aliolewa na kuachika mara nyingi kiasi kwamba tulipotaka kutaja jambo la zamani tulisema ni enzi za mume yupi. Nyumba ilikuwa yake, mikorosho ilikuwa yake, watoto walikuwa wa ukoo wake. Mume alikuja na panga lake na mkeka wake, na mambo yakiharibika aliondoka navyo. Hakuna aliyemkimbilia. Siku mmoja wao alipoondoka, mtu mpole niliyempenda kwa sababu alinichongea gari la mti, bibi alipika kisamvu akakiunga kwa korosho, tukala tukashiba. Sisemi kwamba hakuumia. Sikufundishwa kumtazama usoni kwenye mambo kama hayo. Nilikua nikijua kwamba mtu anayekuja ataondoka, na heshima ni kumwachia njia.

Mume wangu nilikutana naye Masasi, nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi upande wa Lisekese. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kubangulia korosho, kijana wa Njombe, mrefu, mwenye sweta ambalo hakulivua hata jua lilipokuwa linachoma mawe ya Masasi. Alikuwa kitinda mimba. Aliniambia mwenyewe, bila aibu, kwamba alilala na mama yake mpaka alipoanza shule, na kwamba siku ya kwanza ya shule mama yake alikaa nje ya darasa mpaka kengele ya kutoka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Tulifunga ndoa bomani, maana mimi ni wa msikitini na yeye wa kanisani, na hakuna aliyetaka kumvuta mwenzake. Tulidhani tofauti yetu ndiyo hiyo na tumeshaimaliza. Kumbe kulikuwa na nyingine. Kwao mke huhamia kwa mume, na akishahamia amehamia. Watoto ni wa baba, shamba ni la baba, hata kaburi la mama liko kwa baba. Tena nyumbani kwao watu waliagana kupita kiasi. Mtu akienda kuchimba viazi ng'ambo ya kilima aliaga kana kwamba anavuka mpaka wa nchi. Asubuhi mume wangu aliniaga kitandani, akaniaga tena mlangoni, kisha akifika barabarani alirudi kuniambia kitu ambacho kingeweza kungoja jioni.

"Unakwenda kiwandani au unakwenda Ulaya?" nilimwuliza.

"Utanikumbuka?"

"Nitakukumbuka nikisikia njaa."

Alitabasamu kidogo, mdomo tu. Mimi nilidhani huo ndio mchezo wetu wa asubuhi. Yeye alikuwa anauliza swali na anataka jibu, na mimi sikulijua, kwa sababu sijawahi kumsikia mwanamke wa kwetu akilijibu.

Mtoto wetu alizaliwa wa kike. Kwetu binti ndiye anayeendeleza ukoo, kwa hiyo mjomba wangu, kaka wa mama, mwenye sauti juu yetu sote, alishuka kutoka Kitangari akiwa amevaa kofia yake ya Ijumaa. Alimpakata mtoto akasema, "Karibu kwenu." Baada ya wiki chache zikaja salamu kutoka Njombe kwamba wamefurahi sana mtoto wao kuzaliwa salama, na kwamba shamba lake lipo. Nilizipokea habari zote mbili kwa furaha. Sikuziweka pamoja. Ningeziweka pamoja ningepoteza usingizi mapema zaidi.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani Masasi sabuni ilirudi, sukari ilirudi, mitumba ikapangwa kando ya barabara, na kila nyumba ya pili ilikuwa na redio inayopiga kelele. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka vijijini, Lupaso na kwingineko, wakabeba korosho na maganda yake kuzipeleka bandarini. Wakulima walifurahi. Kiwanda kikakosa cha kubangua. Kwanza zilipunguzwa zamu, kisha wakapunguzwa watu, na asubuhi moja king'ora hakikulia. Mtoto wangu, aliyekuwa na miaka mitatu na kidogo, alisimama mlangoni na kidole mdomoni akiuliza mbona leo hakuna kelele. Harufu ya mafuta ya maganda, ambayo ilikuwa kwenye shuka zetu na hata kwenye unga wetu, ilianza kupungua siku hadi siku.

Mume wangu hakuwa mlevi. Ningependa angekuwa mlevi, maana kwetu msimu wa mabibo uraka, pombe yake, hunywewa sana na mwanamume mlevi nilijua kumshughulikia. Yeye alikaa kizingitini. Kisha akaanza kunisindikiza shule. Kisha akaanza kuningoja. Nikimaliza kipindi naangalia dirishani, namwona amesimama pembeni ya uwanja na sweta lake, mikono nyuma.

"Mwalimu, mlinzi wako kaja," wanafunzi walisema, na darasa zima likacheka.

Nami nilicheka. Lakini nikienda kisimani alikuja. Nikikaa kwa jirani kusukwa nywele, alipita kuulizia chumvi, na chumvi ilikuwepo jikoni, kopo zima. Hakunipiga wala hakunitukana, sikuwa na jambo la kumshtakia kwa mtu yeyote. Alikuwa ananitazama tu. Na kadiri alivyonitazama ndivyo mimi nilivyotazama pembeni. Sikuamua kufanya hivyo. Mwili wangu ulijua njia moja tu, kwamba mtu akikukaza sana unasogea, unampa nafasi.

Siku moja tulikuwa tunamenya muhogo uani.

"Mimi nikiondoka hutalia," alisema.

"Kwani unaondoka?"

"Nimesema nikiondoka."

"Ukitaka kuondoka, mume wangu, hakuna atakayekufunga kamba."

Naapa nililisema kwa upole. Kwetu ni neno la heshima kumwambia mwanamume kwamba yuko huru, kwamba hakai kwako kwa kulazimishwa. Ni neno analoambiwa mume anayependwa. Yeye aliweka kisu chini, akautazama muhogo uliobaki nusu, akaenda kukaa nje. Tangu siku hiyo macho yake yaliniachia. Nilishukuru kwa siku mbili hivi, mpaka nilipoona yamehamia wapi.

Yalikuwa yamehamia kwa mtoto. Alimbeba kila alikokwenda. Alimfundisha maneno ya kwao na nyimbo za kwao, akamfundisha kumwamkia kwa lugha ambayo mimi sikuijua. Nikimwita mtoto jikoni, mtoto alimtazama kwanza baba yake. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Sikuogopa kwamba ataondoka, maana kuondoka kwa mwanamume nilishakuona tangu utoto. Niliogopa kwamba akiondoka hataondoka peke yake.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Baba anampenda mtoto wake, nisaidieni?

Mvua za mwaka huo zilipokwisha na barabara ya Tunduru kufunguka, wifi yangu alikuja kutoka Njombe kwa malori, siku nyingi njiani, miguu imevimba. Alikuwa mwanamke mwema. Hilo ndilo lililoniumiza baadaye, kwamba sikuwa na mtu mbaya wa kumchukia. Alileta viazi gunia zima na sweta alilolifuma mwenyewe, jekundu, la mtoto. Nilimvalisha, likamfika magotini.

"Ni kubwa, wifi," nilisema.

"Atakua nalo," alinijibu, na akalikunja mikono vizuri, kwa subira, kama mtu mwenye muda mrefu mbele yake.

Siku ya tatu, tukipepeta mchele, alisema mambo yetu yamekuwa magumu, kaka yake hana kazi, mimi nashinda shuleni. Kwa nini mtoto asiende akakae kidogo kule, mpaka mambo yatengemae? Kuna maziwa, kuna watoto wenzake. Kaka yake angempeleka na kurudi.

Ningekataa ningeonekana wa ajabu. Katika ukoo wetu watoto huzunguka. Mimi nimelelewa na bibi, dada yangu na mama mdogo, na hakuna aliyeitwa yatima kwa hilo. Mtoto kukaa kwa shangazi ni jambo la kawaida kama kwenda kuazima kinu. Nilituma habari Kitangari, na mama yangu akashuka pamoja na mjomba. Wakaketi na wifi, wakala viazi vyake, wakavisifu. Kila mtu alikubali. Nimeshuhudia ndoa zikivunjika kwa ngumi na matusi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku ile ambayo watu wote barazani walikuwa wanakubaliana na kupeana maji ya kunawa.

Mjomba peke yake aliuliza swali. "Mnamwomba aje kwenu kama mgeni?"

"Mjomba, mtoto hawezi kuwa mgeni kwa baba yake," wifi alijibu kwa adabu, akiwa amepiga goti.

Mjomba akasema basi, mtoto arudi kabla korosho za kwanza hazijaanza kuanguka. Wifi akasema amesikia. Sasa nikifikiri, hakusema zaidi ya hapo, alisema amesikia.

Siku ya safari lori la chumvi la kuwachukua lilikuwa linaondoka mchana, saa nane. Mtoto alikula wali na samaki mkavu, akacheza kidogo na kifuniko cha sufuria, akalala kwenye mkeka sebuleni. Mama yangu alifurahi.

"Afadhali," alisema. "Mchukueni hivyohivyo."

Mume wangu alikuwa amesimama na begi begani. "Mwamsheni amuage mama yake."

"Aka, baba, mtoto haagwi. Unataka alie mpaka Tunduru?"

"Alie," alisema mume wangu. "Mtoto akilia kwa ajili ya mama yake, kuna aibu gani?"

Mama alimtazama kama mtu aliyesema jambo chafu mbele ya wakwe. Mjomba alitazama nje. Mume wangu akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kunirudia kutoka barabarani asubuhi.

"Mwalimu, mwamshe. Tafadhali."

Nilichuchumaa. Mtoto alikuwa na jasho juu ya pua, mkono mmoja chini ya shavu, mdomo wazi. Nilitaka kumwamsha. Niliutazama mkono wangu ukiwa hewani juu ya bega lake, na nikaona jinsi atakavyofumbua macho, jinsi atakavyonishika shingoni, jinsi nitakavyolazimika kuing'oa ile mikono mbele ya watu wote wale. Sikujua kama ningeweza. Sikujua hata watu hufanyaje.

"Mwache alale," nilisema.

Alinitazama kwa muda. Kile alichokuwa anakitafuta usoni mwangu tangu tuoane, nadhani alikoma kukitafuta hapo. Alimwinua mtoto, kichwa kikaangukia begani kwake, wala hakuamka. Wifi alinikumbatia akilia, machozi yake yakanilowanisha shingo, na mimi nikampigapiga mgongoni kana kwamba yeye ndiye anayeachwa. Mume wangu akasema kwaheri. Alisema mara moja. Nikasimama mlangoni nikimngoja arudi kutoka barabarani, kwa mazoea tu, mpaka niliposikia lori likipiga honi upande wa stendi na vumbi likapanda juu ya mapaa.

Alikuwa amesema atarudi baada ya wiki mbili. Mwezi ulipita. Dereva mmoja akaniletea salamu kwamba wamefika salama na mtoto ana afya. Mwezi mwingine, dereva mwingine, akasema mtoto ameanza kuzoea. Baada ya hapo hakukuwa na salamu. Majirani waliniuliza mtoto hajambo, nikajibu hajambo, yuko kwa shangazi yake, nao wakaridhika na kuendelea na mambo yao. Nani angenipa pole? Kwetu mtoto aliye kwa ndugu hajapotea. Nilimtamani mwanangu mpaka kifua kikauma, mahali halisi, hapa chini ya titi la kushoto, na sikuwa na jina la kuliita jambo lile. Nilifundisha. Nilisahihisha madaftari. Ila mchana, saa nane zikifika, nilijikuta nimesimama dirishani nimetazama barabara na chaki mkononi, na darasa zima kimya. Siku hizo hawakucheka tena.

Mikorosho ilichanua. Ilizaa. Korosho za kwanza zilipoanguka nilipanda mpaka Kitangari, nikamkuta mjomba shambani na magunia yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata lile jambo."

"Nimelifuata. Niende Njombe?"

"Mwanamume hafuatwi," alisema. Hakusema kwa ukali. "Ukimfuata, umehamia kwao. Kesho hata kaburi lako hatutaliona."

"Sisemi mwanamume, mjomba. Nasema mtoto."

"Mtoto yuko na mwanamume."

Mama naye alisema vivyo hivyo, huku akinipimia unga. Atakuja mwenyewe. Wote huja, hata kama ni kuchukua mkeka. Nilitaka kumpigia kelele mama yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na badala yake nikamshukuru kwa unga. Niliteremka nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Nilimchukia mume wangu, nikamchukia wifi na sweta lake, nikajichukia kwa kuwa na miguu mizima na mshahara na bado naomba ruhusa.

Kisha mawingu yakaanza kujikusanya nyuma ya milima ya mawe. Kila mtu Masasi aliyatazama kwa furaha, watu wameshalima na wanangoja kupanda. Mimi niliyatazama nikijua kwamba barabara ya Tunduru ikishapata mvua hakuna lori linalopita, na kwamba mtoto wa umri ule, miezi ya mvua nzima, anaweza kusahau sura. Ilinyesha mchana, kubwa, mabati yakanguruma. Jirani yangu alitoka nje na ndoo zake zote akicheka. Nilikaa kitandani nikasikiliza barabara ikifungwa.

Mjomba alikwenda Njombe kiangazi kilichofuata. Hakuniambia kwa nini alibadili mawazo. Mama alidokeza kwamba nilikuwa nimekonda mpaka watu wameanza kusema, na mjomba hakupenda watu waseme. Alikaa huko muda, na siku aliyorudi nilikuwa sijui. Niliitwa darasani, nikaambiwa kuna mzee na mtoto wako stendi.

Alikuwa amekua. Sweta jekundu sasa lilimfika mapajani. Aliteremshwa kwenye lori na utingo, akajifuta vumbi mwenyewe, akanipa mkono. "Kamwene," alisema, kisha akajirekebisha, "Shikamoo." Nilimkumbatia. Alikubali kukumbatiwa. Alisimama wima ndani ya mikono yangu mpaka nilipomaliza.

Nyumbani nilimpa uji, na mjomba akanivuta pembeni, uani.

"Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi," alisema. "Hakukuwa na ugomvi. Mumeo ana mwanamke mwingine sasa, wa hukohuko. Analia yule mwanamke, hata mume akienda kisimani."

Nilicheka. Nilijisikia nikicheka, sauti mbaya.

"Usicheke. Mumeo aliniambia kwamba mwaka mzima, kila lori la kutoka kusini lilipofika, alimchukua mtoto wakaenda kulipokea. Walikuwa wanakungoja wewe. Alisema alimchukua mtoto ili ufuate."

Mimi nilikuwa dirishani na chaki, yeye alikuwa stendi ya Njombe na mtoto mabegani, na kati yetu kulikuwa na barabara ambayo kila mmoja alingoja mwenzake aianze.

"Akakupa mtoto hivihivi?"

Mjomba aliivua kofia yake, akaigeuza geuza. Sikuwahi kumwona mjomba wangu akiogopa kusema neno kabla ya siku hiyo.

"Alisema mtoto alikuwa anamwuliza kila siku alifanya kosa gani alipokuwa amelala. Kila siku, kila siku. Halafu akaacha kuuliza. Alisema, mchukue, mjomba, maana tangu aache kuuliza namwogopa."

Mchana ule ule nilitandika mkeka sebuleni. Nilimwambia mwanangu apumzike, safari ilikuwa ndefu. Alikuja kwa utii, akaketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele. Nikamwambia alale. Akasema hana usingizi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu na kichwa kilikuwa kinamwangukia, lakini kila kikianguka alikiinua, akanitazama nilipo, akautazama mlango, akanitazama tena. Nilijilaza karibu yake nikamwambia siendi popote, wala yeye haendi popote. Alitikisa kichwa kukubali, kama wanavyofanya watoto wenye adabu wanapodanganywa na wakubwa.

Ameshakuwa mtu mzima. Anafanya kazi Mtwara, ana mume mwema, mtu wa Lindi anayependa utani, na hunitembelea kila mwaka. Msimu uliopita mkwe wangu huyo alinikuta peke yangu jikoni, akachuchumaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia ugonjwa wa ukoo. "Mama, naomba kukuuliza. Mwenzangu halali kabla mimi sijalala. Miaka yote. Nikiamka ghafla namkuta macho wazi, ananitazama. Alikuwa hivi tangu mdogo?"

Nilimwambia ndivyo alivyozaliwa. Kupitia mlango nilimwona binti yangu sebuleni, saa nane ya mchana, joto la kuua, wageni wote na watoto wamelala chali sakafuni. Yeye alikuwa ameketi, mgongo ukutani, akiwalinda.